Tuliinunua rangi: kumtafutia mtoto mashua ya tanga ya mtumba

Mashua ilikuwa nyeupe pe. Ilikuwa imelazwa kifudifudi juu ya matairi mawili chini ya mwarobaini, na ukipitisha kiganja ubavuni unahisi ulaini wa sahani mpya. Muuzaji alianzia shilingi milioni mbili za Tanzania, tukashuka naye mpaka milioni moja na laki saba, tukapeana mikono kila mmoja akijiona mjanja. Wiki mbili baadaye tuliitundika kwenye mizani ya ndoano, ile ya wauza mkaa, ikasoma kilo 43. Mashua ya aina hiyo inapaswa kuwa na kilo 35. Zile nane za ziada zilikuwa maji ya bahari yaliyojificha ndani ya sakafu, na juu yake ndiyo ile rangi.

Haya ni kwa mzazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Kilifi ambaye mtoto wake ameanza kurudi nyumbani na nywele zilizoganda chumvi, akisema anataka chombo chake mwenyewe. Usimkatalie. Lakini usitoe hela kabla hujajua nini cha kugusa, nini cha kugonga na nini cha kupima.

Mashua yenyewe ni Optimist, watoto wanaiita Opti. Ilibuniwa na Clark Mills mwaka 1947 huko Clearwater, Florida, iwe chombo ambacho mzazi wa kawaida angeweza kukiunda kwa mbao za plaiwudi. Ndiyo sababu omo yake, yaani mbele, haikuchongoka. Imekatwa butu kama kisanduku. Urefu wake ni kama mita 2.3, upana mita 1.1 na ushei, mlingoti mmoja, tanga moja la mita za mraba 3.3 hivi. Mtoto anashindana nayo mpaka mwaka anaotimiza miaka 15, kisha anaiacha. Siku hizi nyingi ni za faiba, na sakafu yake mara nyingi ina tabaka mbili nyembamba za faiba zenye povu gumu katikati. Hilo povu ndilo kisa kizima cha makala hii.

Kwanza lakini kuna kosa la kabla ya mashua, nalo ni kununua chombo kama tunavyonunua kiatu cha shule, namba mbili zaidi ili akikulie. Wazazi wengi wanafikiria Laser, ambayo sasa inaitwa ILCA, kwa sababu ni kubwa na mtoto ataitumia mpaka utu uzima. Laser ina urefu wa mita 4.23, bodi yake ina kilo 59 na tanga lake kubwa ni mita za mraba 7.06. Mtoto wa miaka tisa mwenye kilo 29 akipinduka nayo kusi la Julai, anaweza kusimama juu ya dagabodi (ule ubao unaoshushwa katikati kuzuia chombo kwenda upande) mpaka miguu itetemeke, na mashua haitainuka. Hapo hajifunzi tanga, anajifunza hofu, na hofu ya bahari haitoki upesi. Chombo cha tanga hakikuliwi. Mpime mtoto kwanza. Kati ya kilo 25 na 45, Opti. Akishafika 45 na bado anarefuka, usimnunulie Opti hata ukipewa kwa bei ya chapati. Mtafutie Laser yenye tanga dogo la mita za mraba 4.7. Bodi ni ileile, na baadaye unabadilisha tanga na kipande cha chini cha mlingoti tu.

La pili, mwache atumie vya kuazima kwa misimu miwili, kaskazi na kusi. Mtoto anayecheka Februari anaweza kukataa kushuka ufukweni Julai, na ni bora ulijue hilo kabla.

Pa kutafuta

Kwenye pwani yetu soko ni dogo. Mashua nyingi za mtumba ziko kwenye klabu za tanga, na zinauzwa mtoto wa mtu anapozidi umri au familia ya wageni inapomaliza mkataba na kufunga virago. Kwa hiyo miezi ya kufunga shule za kimataifa, Juni na Julai, ndiyo yenye mali. Anayeondoka na tiketi mkononi anauza vizuri kuliko anayengoja bei. Kuagiza Ulaya kunawezekana, na huko mtumba ni mwingi, ila mashua moja peke yake ndani ya kontena inabebeshwa usafiri, ushuru na gharama za bandari ambazo haziangalii kuwa ni chombo cha mtoto. Hesabu inaanza kukaa sawa wazazi wanne au watano wakiungana. Opti kadhaa zinaingia kwenye kontena moja.

Sisi tulipata yetu mji mwingine wa pwani, kwa picha za simu. Picha zilikuwa za mbali, zote za upande mmoja. Hapo tu tungeshtuka.

Siku ya kuikagua

Nenda asubuhi, siyo jioni, maana utahitaji muda wa saa mbili na mwanga. Beba mizani, tochi, chaki, sarafu ya shilingi 200, kitambaa na ndoo. Mtoto mwache nyumbani. Mtoto akishaiona mashua na kuipa jina, mnunuzi si wewe tena.

Anza na rangi. Mashua ya faiba inatoka kwenye kalibu ikiwa na rangi yake tayari, ile ngozi ngumu ya nje inayoitwa jelikoti. Haihitaji kupakwa. Jelikoti ya miaka kumi juani inafifia na kuwa kama chaki, lakini fundi anaisugua kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1200, kisha polishi ya magari, inarudi. Kwa hiyo ukikuta imepakwa rangi, swali si kama imepakwa vizuri. Swali ni nini kimefunikwa. Inama uangalie mahali ambapo mpakaji rangi mvivu hafiki: chini ya ubao unapopita mlingoti, ndani ya kisanduku cha dagabodi, kuzunguka vichwa vya skrubu. Yetu ilikuwa na rangi hata juu ya kile kibati kidogo chenye namba ya mashua. Tulikiona. Tukasema, "Fundi wake alikuwa mzembe." Hatukujiuliza alikuwa na haraka ya nini.

Kisha sarafu. Igonge sakafu kwa ukingo wa sarafu, kila baada ya sentimita tano, ukienda kwa mistari kama anayepanda mahindi. Faiba nzima inajibu kwa sauti kali na kavu, tak, tak. Mahali ambapo tabaka limeachana na povu, au povu limelowa, sauti inazama, buf, kama unagonga tikiti lililoiva kupita kiasi. Zungushia chaki. Doa la ukubwa wa kiganja linatengenezeka kwa siku moja. Doa linaloanzia kwenye mlingoti likafika kwenye kisanduku cha dagabodi ni mashua nyingine kabisa, ya bei nyingine.

Halafu mizani. Vua kila kinachovuliwa: mlingoti, usukani, dagabodi, kamba, mifuko ya hewa. Ikaushe ndani kwa kitambaa. Itundike kwenye tawi kwa mikanda miwili, au weka mizani mbili za bafuni, moja omo na moja tezi (nyuma), ujumlishe. Kilo 35 hadi 37 ni nzuri. Kilo 38 au 39 inafaa kwa mazoezi, na bei ishuke. Kuanzia 40 unanunua maji. Mtu anaweza kuona kilo nane si kitu, ila mtoto mwenyewe ana kilo 30. Ni sawa na kumwambia akimbie mbio akiwa na mdogo wake mgongoni. Na maji hayo hayakauki yenyewe. Chumvi iliyomo inavuta unyevu wa hewa, hivyo hata ukiianika mwezi mzima juu ya paa, mizani inashuka kidogo na mvua ya kwanza inarudisha.

Mwisho ni maji yenyewe. Iweke juu ya matairi ikitazama juu, mimina ndoo tatu za lita 20, ngoja saa nzima ukiinua omo kidogo, kisha tezi kidogo. Pita chini na tochi. Jahazi la mbao linavuja kidogo na nahodha wake hajali, ngama (chini yanapokusanyika maji) ipo na upo wa kufulia maji upo. Opti ya faiba haina ruhusa hiyo. Ikitoa hata tone, tone hilo limepita ndani ya povu kabla ya kukufikia. Muuzaji akikataa usimwage maji, mshukuru kwa muda wake.

Kuna sehemu tatu ambazo nguvu zote za chombo zinaishia, na ndizo zinazokufa kwanza. Ya kwanza ni mwashiri, kile kiti kinachopokea mguu wa mlingoti. Simika mlingoti bila tanga, mmoja aushike juu na kuutikisa pande nne, mwingine aweke vidole kwenye mwashiri. Ukihisi sakafu inapumua, au ukiona nyufa nyembamba kama nywele zimetawanyika mithili ya nyota, pameshavunjika ndani. Sababu yake mara nyingi ni moja: mlingoti haukufungwa kamba ya kuuzuia. Mashua inapinduka, mlingoti unachomoka nusu, wimbi linausukuma, na wenyewe unageuka mtaimbo unaong'oa mwashiri na ubao wa juu pamoja. Kipande cha kamba ya milimita 4 kinazuia hasara ya laki kadhaa.

Ya pili ni kisanduku cha dagabodi. Mtoto anakuja ufukweni maji yametoka, anasahau kupandisha dagabodi, ncha inagonga jiwe. Chini inasukumwa nyuma, juu inasukumwa mbele. Kwa hiyo tazama pembe ya nyuma kwa chini, na ya mbele kwa juu. Mulika tochi ndani ya mwanya. Ukiona nyuzi za faiba zimejitokeza kama ndevu, pameshaingiza maji.

Ya tatu ni tezi, pale bawaba za usukani zilipofungwa. Shika usukani uutikise. Bawaba ikicheza ndani ya skrubu ni kazi ya bisibisi. Ngozi ya tezi ikicheza pamoja na bawaba, ubao au povu la ndani limeoza.

Vifaa vingine vinakwenda haraka. Mlingoti, bumu (fito ya chini ya tanga) na ile fito ya mshazari inayosukuma ncha ya juu ya tanga, spriti, ni vya alumini: vivingirishe kwenye sakafu ya vigae, kilichopinda kitaruka. Unga mweupe kuzunguka ribiti ni alumini inayoliwa pale ilipokutana na chuma cha pua na chumvi. Ukiingia kucha, ribiti hiyo itang'oka. Zamisha mlingoti majini, mapovu yakitoka ncha zake haziko salama, na mlingoti unaojaa maji unaizuia mashua kuinuka. Usukani na dagabodi vya plaiwudi vikivimba kingo, vimekwisha. Vya epoksi vyenye makovu ya mawe vinajazwa na kusuguliwa jioni moja.

Tanga liangalie dhidi ya jua. Kitambaa kilichokufa hakichakarishi tena, kinalala mkononi kama khanga iliyofuliwa miaka, na ukingo wake wa nyuma unapepea hata ukivuta demani (kamba ya kuvutia tanga) mpaka mwisho. Wauzaji wanapenda kusema "lina tanga lake". Lifikirie kama tairi. Likiwa limekwisha, thamani yake ni sifuri, na jipya la mazoezi pamoja na kulisafirisha lilitutoka shilingi laki sita.

Karatasi ni chache: hati ya mauziano yenye majina, tarehe, bei, namba ya kibati na namba ya tanga (herufi TAN kwa Tanzania, KEN kwa Kenya). Mashua zilizoundwa kwa mashindano zina pia daftari lake la vipimo. Bila hilo mtoto anacheza, lakini siku ya mashindano makubwa utasumbuka.

Sakafu ilipofunguliwa

Fundi wa kwanza alikuwa fundi mzuri wa boti za uvuvi. Hilo lilikuwa sehemu ya tatizo. Boti ya uvuvi inapata nguvu kwa unene. Ikipasuka unaongeza tabaka, na kilo ishirini hazimuumizi mtu mwenye injini. Alikata ngozi ya juu ya sakafu kwa grainda, mraba wa kama sentimita 50 kwa 40, akaibandua. Povu la chini lilikuwa la kahawia, na ukilibonyeza kwa kidole gumba maji yanajaa kwenye shimo la kidole. Harufu ilikuwa ya gati wakati maji yametoka. Mtoto alikuwa amekaa juu ya ndoo pembeni anatazama, akauliza kama mashua imekufa. Hakuna aliyemjibu upesi.

Povu lililolowa likatolewa lote. Badala yake fundi akachonga lile povu jeupe linalokuja na maboksi ya televisheni, akalipanga vizuri, likakaa kama limezaliwa hapo. Kisha akamimina resini (gundi ya faiba) ya kawaida ya poliesta juu yake. Ndani ya dakika chache povu likaanza kunywea. Likazama, likageuka uteute, na resini ikafuata chini. Resini ya poliesta ina kiyeyusho kinachoitwa staireni, na povu la maboksi limetengenezwa kwa staireni hiyohiyo. Vikikutana, kimoja kinakiyeyusha kingine. Laki tatu na nusu zikawa zimeyeyuka nalo. Fundi hakudanganya, hajawahi kuwa na haja ya povu maishani mwake. Sisi ndio hatukuuliza.

Kazi ya pili ilikwenda hivi, na ndivyo ingepaswa kwenda mara ya kwanza. Shimo lote lilioshwa kwa maji baridi mara tatu, siku tatu mfululizo, kuondoa chumvi, kisha mashua ikakaa kivulini penye upepo wiki tatu. Povu lililowekwa lilikuwa mabaki ya PVC ngumu kutoka karakana ya boti. Hilo haliyeyuki kwa poliesta. Ukikosa kabisa na umebaki na povu la maboksi, tumia epoksi, resini ya aina nyingine, ni ghali ila haiyeyushi, japo povu hilo ni laini mno kwa mahali anapokanyaga mtoto.

Kingo za shimo zilisuguliwa mteremko. Kipimo ni mara 12 ya unene: ngozi ya milimita 2 inataka mteremko wa milimita 24 kuzunguka pande zote. Kiraka kinachoanza ghafla kwenye ukingo wima kitabanduka hapohapo, maana hakina cha kushika. Tabaka mbili za mati (mkeka wa nyuzi za faiba) ya gramu 300 kwa mita ya mraba zilitosha. Fundi alitaka nne. Tukabishana mpaka tukaleta mizani. Hadna (dawa ya kugandisha resini) iliwekwa mililita 5 kwa gramu 500 za resini, yaani asilimia moja, na kazi ikafanyika kabla ya saa tatu asubuhi. Adhuhuri ya Dar mchanganyiko huo unaganda kwenye kopo hujamaliza hata nusu, na ukipunguza hadna ili upate muda, unaweza kubaki na resini inayonata milele.

Mizani ya mwisho ilisoma kilo 37 na nusu. Ilipakwa jelikoti nyeupe juu ya kiraka tu. Rangi ilionekana tofauti kidogo na pembeni, na tuliiacha hivyo.

Hesabu kamili ilikuwa hii: mashua 1,700,000, usafiri wa kirikuu 120,000, kazi ya kwanza ya faiba 350,000, ya pili 280,000, tanga 600,000, mifuko mitatu ya hewa 390,000, kapi lenye meno la demani 150,000, kamba 90,000. Jumla 3,680,000. Tuliambiana tumenunua kwa milioni moja na laki saba kwa muda mrefu sana.

Vitu vidogo vinavyomrudisha mtoto ufukweni

Mifuko ya hewa ni mitatu, miwili mbavuni na mmoja tezi. Ijaze iwe migumu, iache usiku kucha, asubuhi ibonyeze. Iliyolegea ipakwe povu la sabuni uone inapopumulia. Mara nyingi ni kwenye kifuniko, siyo kwenye mfuko. Mikanda inayoishika nayo ivute kwa nguvu zako zote, kwa sababu mfuko mzima usioshikwa unaelea peke yake na mashua inazama peke yake.

Mikanda ya miguu, ile mtoto anayoingiza nyayo akiegemea nje, inaozeshwa na jua kabla haijaonekana. Ya kwetu ilikatika kwa mikono ya mtu mzima. Nenda kwa fundi viti vya magari, mwambie akushonee kwa utepe wa mkanda wa gari, uzi wa nailoni, mishono ya msalaba. Elfu kumi na tano. Hii ni kazi ambayo huku inafanywa vizuri kuliko kifaa cha kuagiza.

Upo mbili za kufulia maji, zilizokatwa kwenye madumu ya mafuta ya kupikia ya lita 3, kila moja na kamba yake. Opti ikiinuka baada ya kupinduka inabaki imejaa maji, mtoto ndiye anayeifua. Upo usiofungwa unaondoka na wimbi la kwanza. Kamba ya omo ya kukokotea iwe inayoelea, unene wa milimita 5 au zaidi, urefu mita 8. Kafi ndogo. Filimbi kwenye jaketi la kuokolea. Pini au kishikizo kinachozuia usukani usichomoke mashua ikiwa juu chini.

Kigari cha kuisukumia usikisahau. Opti inayoburutwa mchangani inasagika kingo za nyuma mpaka povu linatokea, na hapo tunarudi kwa fundi. Chomelea fremu ya bomba la mabati, magurudumu mapana, na badala ya beringi za chuma weka bushi za plastiki ngumu. Beringi zetu zilidumu miezi miwili.

Siku ya kwanza majini usimruhusu aende popote. Pindueni mashua makusudi kwenye maji ya kifuani, mtoto aiinue mwenyewe, mtazame inakaaje. Ikilala upande mmoja, mfuko mmoja una kasoro. Maji yakirudi ndani kupitia juu ya kisanduku cha dagabodi haraka kuliko anavyoyafua, mifuko haijajazwa vya kutosha. Tulifanya mara saba. Mara ya tano mtoto alianza kucheka.

Kisha tanga. Mikunjo ndiyo inayosema. Mkunjo ukitoka pembe ya juu ya mbele kushuka hadi pembe ya nyuma ya chini, spriti imelegea, ikaze. Ukitoka ncha ya juu kabisa kushuka hadi pembe ya chini ya mbele, umekaza mno. Vitanzi vinavyofunga tanga kwenye mlingoti na bumu visiachie mwanya wa zaidi ya milimita 10; hiyo ni kanuni ya mashindano, na kwa mtoto mwanya wa milimita tatu nne ndio mzuri, kwa sababu tanga lenye mianya haliendi joshi (unakotoka upepo), linateleza upande unakoelekea upepo, na mtoto anayebisha (kwenda kinyume cha upepo) kutwa nzima bila kusogea anadhani kosa ni lake.

Kila jioni suuza kwa maji baridi, vua tanga, likunje kwa kuliviringisha, toa kizibo, legeza mifuko kidogo, geuza mashua kifudifudi kivulini. Jua linaua kuliko bahari.

Alipofikisha kilo 48 tuliitoa. Hatukuipaka rangi. Tulimtumia kila aliyeuliza picha ya kiraka kwa karibu, picha ya kibati kilichosuguliwa mpaka namba ikaonekana, na picha ya mizani. Watatu hawakurudi. Wa nne alikuja na ndoo yake mwenyewe, akamwaga maji, akangoja saa nzima chini ya mwarobaini bila kuzungumza sana, akalipa milioni mbili na laki nne.